Kidole cha Shahada

Nilijua kwamba kidole changu hakifanyi kazi nikiwa kwenye tahiyatu ya kwanza ya Maghribi, siku ya tatu baada ya kushonwa. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya paja, kiganja kimezungushiwa bandeji, vidole viko wazi. Nikavikunja vitatu, gumba nikalilaza, nikafika kwenye "illallah", na kidole cha shahada hakikuinuka. Nikakiamuru tena. Kilinyooka kwenye viungo viwili vya mbele, lakini pale kinapoanzia, penye fundo kubwa la ngumi, kilibaki kimeinama kama mzee anayesinzia barazani. Imamu akasimama kwa rakaa ya tatu, nami nikasimama. Sikumbuki kama Fatiha ya rakaa ile niliimaliza.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 2017. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nakaa Tanga mjini, na likizo ile nilikwenda Pangani kumsaidia mjomba kuezeka jiko. Makuti yake yalikuwa yameoza, akanunua mabati ya geji 30, yale membamba ambayo fundi aliyaita karatasi. Juni ni kusi. Upepo uliingia chini ya bati moja kabla halijapigwa msumari, likaanza kuondoka, nami kwa ujuzi wangu wa hisabati nikalidaka kwa mkono mtupu. Ukingo wake uliteleza juu ya mgongo wa kiganja changu. Maumivu yalikuwa kama ya kukwaruzwa na ukucha, na damu haikuwa nyingi. Mkato wenyewe ulikuwa na urefu wa sentimita nne hivi, juu ya mfupa unaoelekea kidole cha shahada, na kabla damu haijajaa niliona ndani yake kitu cheupe kinachong'aa. Nilidhani ni mafuta.

Kwenye zahanati nilimkuta tabibu kijana, mpole, mwenye haraka. Alisafisha, akanichoma sindano ya pepopunda, akanipiga ganzi, kisha akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja. Ilikuwa ngumi nzuri, ya kutosha kupigana. "Mishipa iko salama, mwalimu," akasema, akapitisha nyuzi tano. Nilimshukuru kwa dhati, na hata leo simlaumu kama ambavyo ungetarajia. Alinipima. Ila alipima upande mmoja.

Neno lile, mshipa, lilinipotezea siku nyingi. Kwetu mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni ule unaopiga kwenye paji la uso mtu akikasirika. Mshipa ni neva ya jino linalouma, ni ugonjwa wa korodani ambao wazee wa pwani hawautaji mbele ya wakwe, na ni ule uzi mgumu kwenye nyama ambao ukiwekewa buchani unaurudisha. Tabibu aliposema mishipa iko salama, mimi nilielewa damu. Kilichokatika kilikuwa kano, neno tulilo nalo tangu zamani ila tumewaachia walimu wa baiolojia. Si sisi peke yetu. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, neuron, kwa kano na kwa neva, na Galen, tabibu ambaye maandishi yake yalitawala udaktari kwa zaidi ya miaka elfu moja, aliwaonya watu wasichome sindano humo kwa hofu ya degedege. Ni vidole vingapi vilivyobaki vimeinama, kwa sehemu, kwa sababu ya msamiati?

Mama aliposikia habari za kidole alisema mshipa umelala. Akanikanda kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, siku sita mfululizo, juu ya kidole na pembeni mwa kidonda. Nilimwacha anikande kwa sababu ni mama, na kwa sababu kukandwa na mama kunapendeza kuliko kupanga foleni. Nilipofika hospitali mjini Tanga, daktari aliniangalia chini ya dakika moja, akaandika barua, nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Siku ya kumi na mbili nilikuwa mbele ya bingwa wa mifupa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwalimu. Kabla hajakushona alikuambia ufanye nini?"

"Nikunje ngumi."

"Ukakunja?"

"Nikakunja."

"Basi alipima upande ambao haukukatwa."

Kila mtoto aliyewahi kusimama jikoni siku ya kuchinjwa kuku anaijua kano, hata kama hajui jina lake. Mguu ukishakatwa, kwenye mkato kuna nyuzi nyeupe. Ukivuta za nyuma, vidole vinajikunja vyenyewe, na sisi tulikuwa tukiwatishia wadogo zetu kwa mchezo huo mpaka walie. Mbele ya mguu kuna nyingine. Ukiivuta hiyo, vidole vinafunguka. Hatukuijali, kwa kuwa haikutisha mtu.

Mkono wa binadamu ni hivyo hivyo. Misuli inayonyanyua vidole haimo kiganjani kabisa. Iko juu huku, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kamata sehemu hiyo kwa mkono wa pili kisha uchezeshe vidole vyako kama unayepiga piano, utaisikia ikicheza chini ya ngozi. Kutoka hapo zinashuka kano, zinapita chini ya mkanda mpana kifundoni, ambamo kuna vijia sita, halafu zinasambaa juu ya mgongo wa kiganja kama mito inayoachana. Kano za kukunja, zilizo upande wa ndani, ni nene na za mviringo, zimefichwa chini ya nyama na mafuta. Za kukunjua ni bapa kama utepe. Mgongoni mwa kiganja unene wake ni milimita moja na kitu, na zikifika kwenye kidole hazifiki hata milimita moja. Juu yake hakuna kitu ila ngozi. Chupa iliyovunjika, kisu, panga au bati la mjomba havina safari ndefu.

Daktari aliniambia niweke mkono mzima, wa kushoto, juu ya meza. Nawe weka wako. Kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimelala mezani. Inua kidole gumba. Inua cha shahada. Inua cha mwisho. Sasa inua cha pete. Kimegandishwa, sivyo? Kano za kukunjua zimefungwa pamoja kwa vikanda vya kuvuka, na cha pete ndicho kilichofungwa zaidi, kwa hiyo jirani yake akikunjwa naye hana uhuru. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Philadelphia wapiga piano walikuwa wakienda kukatwa vikanda hivyo ili kidole cha pete kiwe huru. Pete yenyewe tumeivisha kidole kisichoweza kujiamulia. Wenye ndoa watalijadili hilo.

Vikanda hivyo ndivyo vinavyowadanganya matabibu. Kano ya kidole inaweza kukatika yote, na kidole bado kikainuka kwa sababu jirani anakivuta kwa kikanda. Kinainuka kwa unyonge, lakini kinainuka, na mgonjwa anarudishwa nyumbani. Ndiyo maana mpimaji mzuri hatosheki kukiona kimeinuka. Anakikandamiza kwa kidole chake na kukuambia umshinde nguvu.

Kidole cha shahada na cha mwisho vina bahati: kila kimoja kina kano ya ziada, ya kwake peke yake, kando ya ile ya pamoja. Kwa hiyo unaweza kukunja vyote ukasimamisha cha shahada peke yake. Muislamu hufanya hivyo kila siku kwenye swala bila kujua kwamba anaendesha msuli maalumu. Kano hiyo ya ziada ni ya thamani kiasi kwamba mtu akikatika ile ya gumba na ikashindikana kuunganishwa, wapasuaji huiazima kutoka kwenye kidole cha shahada, na kidole chenyewe huendelea kunyooka kwa ile iliyobaki. Mimi bati lilichukua zote mbili. Viungo viwili vya mbele viliweza kunyooka kwa sababu vina wasaidizi wengine, misuli midogo iliyomo ndani ya kiganja. Fundo kubwa halina msaidizi wa namna hiyo.

Kwenye kadi yangu daktari aliandika eneo la sita. Mgongo wote wa mkono umegawanywa maeneo manane, mpango wa Kleinert na Verdan wa mwaka 1983: namba witiri ziko juu ya viungo, namba shufwa juu ya mifupa. Mwalimu wa hisabati alifarijika kidogo.

Nilitegemea nusukaputi. Badala yake nilichomwa ganzi iliyochanganywa na adrenalini, nikakalishwa kwenye benchi karibu nusu saa. Ngozi ya mgongo wa kiganja ilipauka ikawa rangi ya majivu. Adrenalini hubana mishipa (ya damu, hapa namaanisha hiyo), kwa hiyo hakuna haja ya kufunga mpira mkononi kuzuia damu, na mgonjwa anabaki macho, anazungumza. Kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kwamba adrenalini kwenye kidole inakiua. Mpasuaji wa Canada, Donald Lalonde, na wenzake walikusanya wagonjwa 3,110, wakachapisha matokeo mwaka 2005: hakuna kidole hata kimoja kilichokufa. Hayo niliyasoma baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba nimelala, mkono uko pembeni, na daktari anauliza kama nataka kuangalia.

Niliangalia. Alifungua kovu, akalirefusha kuelekea kifundoni. Ncha za mbele zilionekana mapema, mbili, nyeupe, zimelegea kama tambi zilizokwisha kuiva. Upande wa juu, moja ilikuwa imeshikiliwa karibu na kikanda chake. Nyingine ilikuwa imekimbia. "Jaribu kuinua kidole, mwalimu," akasema. Nikajaribu, na mbali kidogo, ndani ya kovu, kitu kikatikisika. "Nimekuona," akakiambia, siyo mimi. Akakata sentimita tatu zaidi, akakivuta.

Akashona kwa uzi wa buluu mwembamba kuliko unywele wa farasi. Utepe bapa haushikiki kama kamba. Ukivuta uzi sana unapasuka nyuzinyuzi kwa urefu, ukilegeza ncha zinaachana. Alikuwa akienda na kurudi, akifunga kila hatua, kama mtu anayetoboa vito vya kofia, naye mdomoni anahesabu polepole. Alipomaliza zote mbili alinyoosha mgongo.

"Inua."

Kidole kikainuka. Sikukihisi kikiinuka, nilikiona tu, kama cha mtu mwingine.

"Shusha taratibu. Inua tena."

Alikuwa ameinamia mshono kuona kama unafunguka kidole kikikunjwa. Haukufunguka. Nesi aliyeshika taa akasema, "Takbiri," tukacheka sote, na daktari akatuambia tutulie bado hajafunga ngozi.

Daktari alinieleza kwamba sikuchelewa sana. Ningekaa miezi, msuli ungejikunja, ncha zingezama kwenye kovu, na hapo kuziunganisha moja kwa moja kungeshindikana. Nilikwenda nyumbani nimefungwa plasta ngumu, ile ambayo mtaani huitwa hogo, kuanzia karibu na kiwiko hadi kwenye vidole, kifundo kimeinuliwa kwa nyuma kidogo ili kano zikae bila kuvutwa. Wiki nne. Maalimu wa msikitini kwetu akanifundisha kupaka maji juu ya hogo na kutayamamu. Akasema kuinua kidole ni suna, swala haiharibiki, ila macho yake yalikuwa kwenye hogo kwa huruma kubwa kuliko fatwa yake.

Hapa nafika kwenye kosa langu mwenyewe, na hili halina tabibu wa kushirikiana naye. Hogo lilipofunguliwa nilipewa gango jepesi la plastiki la kuvaa usiku na kwenye shughuli, nikaambiwa mchana nianze kuukunja mkono polepole, kidogo kidogo. Niliogopa. Nilikuwa nimekiona kile kiuzi cha buluu. Nikalivaa gango mchana na usiku kwa wiki mbili zaidi, nikaulinda mkono kama yai, nikakosa kliniki moja kwa kisingizio cha mitihani. Nilipokwenda, ngumi haikufungika. Ncha ya kidole ilikaa sentimita nne kutoka kiganjani, na kila nilipojaribu kukunja, kovu lilizama ndani kama kitovu. Kano ilikuwa imegandana na ngozi juu yake na mfupa chini yake. Nilikuwa nimehofia kidole kushindwa kuinuka, kumbe kwa kano hizi kushindwa kukunja ni tatizo la kawaida kabisa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada wa makamo mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. "Mwalimu, uliletwa na kidole kisichoinuka, sasa unataka kuondoka na kisichokunjika?" Sikuwa na jibu. Alinianzisha na maji ya vuguvugu, kisha kufinyanga unga, kisha kukunja gazeti kwa mkono mmoja hadi liwe mpira. Kovu alitaka likandwe kwa mafuta, mara nne kwa siku, ngozi isogezwe huku na huko juu ya kano. Mafuta gani? Yoyote, akasema, hata ya nazi. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kliniki. Dawa yake ilikuwa sahihi, alikosea tarehe tu.

Dada huyo ndiye aliyenionyesha jambo la kalamu. Aliipitisha kalamu yangu chini ya kidole cha shahada na juu ya kile cha kati na cha pete, hivyo cha shahada kikakaa juu kidogo kuliko wenzake. Akaniambia nikunje vyote na kukunjua. Kwa kuwa vidole vyote vinavutwa na msuli mmoja wa pamoja, kile kilichonyanyuliwa kuliko jirani zake hupata nafuu: kano yake inatembea bila kubeba mzigo wote. Kuna vigango vidogo vinavyotengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, na baadhi ya waliounganishwa kano huvivaa siku chache tu baada ya upasuaji, wakaendelea na kazi nyepesi. Nilivutiwa na hesabu yake kuliko nilivyovutiwa na kitu chochote nilichofundisha mwaka ule. Nikaondoka na kalamu kidoleni, abiria kwenye daladala wakinitazama.

Tangu hapo macho yangu yameharibika: natazama migongo ya mikono ya watu. Golikipa wetu wa kidato cha pili alipigwa na mpira kwenye ncha ya kidole, ncha ikalegea ikaangalia chini. Wenzake wakamvuta wakidhani kimeteguka. Kumbe kano ilikuwa imeng'oka pale mwisho kabisa, ambako ni nyembamba kama karatasi. Alipigwa picha kuona kama imeondoka na kipande cha mfupa, kisha akafungwa kigango cha kunyoosha ncha kwa wiki nane. Hiyo haitaki kisu mara nyingi, inataka ukaidi. Ncha ikidondoka hata mara moja, hata wakati wa kuosha, siku zinahesabiwa upya. Nilimfundisha kukibadilisha kigango kidole kikiwa kimelala mezani.

Na wale wawili wa kidato cha tatu waliopigana. Mmoja alikuwa na kimkato juu ya fundo la ngumi, kidogo kama punje ya mchele, alipolikuta jino la mwenzake. Mwalimu mwenzangu alileta plasta ya kubandika. Nikamchukua kijana hospitali jioni ileile. Ngumi ikiwa imekunjwa jino hupenya ngozi, kano na hata kiungo, na vidole vikikunjuliwa kano hurudi nyuma na kufunika uchafu wa mdomo ndani. Kwa nje unaona punje ya mchele. Kidonda hicho kinaoshwa chumba cha upasuaji na kuachwa wazi, hakishonwi siku hiyo, na mdomo wa binadamu ni mchafu kuliko bati lenye kutu. Kijana alikasirika kwamba nimekuza jambo. Ngumi yake ni nzima, na bado ananikasirikia.

Kwa hiyo nina ombi moja, kwako na kwa tabibu yeyote wa zahanati atakayeisoma hii. Mtu akija na mkato mgongoni mwa mkono, hata mdogo, kabla ya uzi wa kwanza mwambieni alaze kiganja mezani, ainue kidole kimoja kimoja, nanyi mkikandamize. Ni nusu dakika. Ngumi ipimwe pia, lakini isipimwe peke yake.

Kidole changu leo kinainuka, kimepungua kidogo, labda nyuzi tano za pembe, ambazo mimi tu ndiye ninayeziona kwenye tahiyatu. Desemba mwaka uleule nilirudi Pangani. Jiko la mjomba lilikuwa limeezekwa lote isipokuwa bati moja, ambalo alikuwa amelilaza ukutani na kukataa mtu asiliguse hadi nije. Nililipigilia mwenyewe, kwa mkono wa kulia, misumari kumi na minne.